Maneno ya Pembe ya Wino

Msomaji, ikiwa wewe ni mwanafunzi wa shule ya sekondari katika nchi yetu, yamkini unalo daftari ambalo mwalimu hakukuagiza ulinunue. Ni daftari dogo, na kila ukurasa wake umegawanywa kwa mstari wa rula. Upande wa kushoto limeandikwa neno la Kiingereza ambalo hujapata kulisikia likisemwa na mtu. Upande wa kulia imeandikwa maana yake kwa neno jingine moja au mawili. "Conflagration" ni moto. "Edifice" ni nyumba. "Pulchritude" ni uzuri. Daftari hilo hufunguliwa jioni kabla ya mtihani, na maneno yake huchukuliwa kama mtu achukuavyo vito vya kuazima kwenda navyo arusini. Sikucheki. Mimi pia nalikuwa nalo. Nalilihifadhi miaka yote niliyokaa katika chuo cha ualimu, na nilipohitimu nikaingia nalo darasani. Daftari hilo ndilo nitakalolihukumu leo, wala usiogope kuwa litaonewa, kwa kuwa hakimu mwenyewe ni mmoja wa washtakiwa.

Katika shule ya kwanza niliyofundisha, ambayo ilikuwa Pwani, naliweka kanuni ambayo niliiona kuwa ya busara sana. Kila Jumatatu nilitoa maneno kumi mazito ya Kiingereza. Kila Ijumaa nilifanya jaribio. Kisha katika insha ya mwisho wa mwezi kila mwanafunzi alilazimika kutumia maneno matano katika hayo, na kila lilipotokea moja nililipigia mstari kwa kalamu nyekundu na kuliongezea alama. Wanafunzi walifurahi. Mimi nalifurahi zaidi, maana insha zao zilianza kufanana na zile nilizozisifu nilipokuwa chuoni. Tena kazi ya kusahihisha ilikuwa nyepesi, kwa sababu kuhesabu maneno ni rahisi kuliko kuyasoma.

Mwezi mmoja nalitoa kichwa cha insha hivi: siku ambayo sitaisahau. Katika insha zile mbili zimo moyoni mwangu mpaka leo. Ya kwanza iliandikwa na msichana aliyefiwa na nyanya yake. Ilianza kwa sentensi hii: "My octogenarian progenitor expired amidst copious lachrymation." Ya pili iliandikwa na mvulana ambaye kwao ni kando ya Mto Tana, naye alieleza usiku ambao mto ulifurika mwaka 2018, alipokuwa mtoto mdogo. Mwanzo wake ulikuwa huu: "The water came without noise. My father counted us, and then he counted us again." Msichana nilimpa alama 17 katika 20. Mvulana nilimpa 11, nikaandika chini kwa wino mwekundu kwamba msamiati wake ni wa mtoto wa shule ya msingi.

Simama kidogo hapo, msomaji, uzisome tena sentensi hizo kabla hujasikia nilivyoaibika.

Siku ya wazazi mama yake yule msichana alikuja. Alikuwa mwanamke wa biashara ndogo, aliyemaliza darasa la saba, na Kiingereza alikisoma polepole kwa kukifuata kwa kidole. Nalimwonyesha insha ya binti yake kwa fahari, kama fundi aonyeshavyo mlango alioutia nakshi. Mama akatia kidole chini ya neno la kwanza, akapita la pili, akafika mwisho wa mstari, akarudi mwanzo. Akamwuliza binti yake, "Hapa umeandika habari za nani?" Binti akajibu, "Za nyanya, mama." Mama akatazama tena karatasi, kisha akanitazama mimi. "Mwalimu," akasema, "mbona hayumo?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu aliyebisha hodi nyumbani kwa jamaa yake akafunguliwa na mgeni. Jioni ile nalichukua kamusi kubwa, nikaisoma sentensi niliyoipa alama 17 neno kwa neno, kazi ambayo nilipaswa kuifanya kabla ya kuishika kalamu nyekundu.

"Octogenarian" ni mtu aliye katika umri wa miaka 80 hadi 89. Marehemu, kwa maelezo ya mama, hakuitimiza 70. Basi neno la kwanza lilikuwa si kweli. "Progenitor" ni mzazi wa asili ambaye ukoo umetoka kwake. Ni neno la watu waandikao nasaba, na pengine hutumiwa kwa mimea na wanyama. Laweza kumhusu babu wa karne tano zilizopita, lakini halimhusu mwanamke aliyekupakata na kukusuka nywele. "Expired" asili yake ni Kilatini, nalo lina maana ya kutoa pumzi. Zamani lilikuwa neno zuri la kifo, lakini siku hizi humkumbusha msomaji leseni ya gari na maziwa ya pakiti. "Copious" ni tele, neno lisilo na kosa wala faida. Na "lachrymation" ni neno la waganga: ni kutoka machozi kwa jicho, iwe kwa huzuni, iwe kwa moshi, iwe kwa kitunguu. Kwa hiyo sentensi ile, ikisomwa kwa haki, yasema hivi: mzazi wa asili wa ukoo, ambaye umri wake umetajwa kwa makosa, muda wake ulikwisha katikati ya macho mengi yaliyotoka maji. Mama alisema kweli. Nyanya hakuwamo.

Sasa itazame ya mvulana. Haina neno ambalo mtoto wa darasa la nne hawezi kulisoma. Lakini tazama kazi ifanywayo ndani yake. Maji yalikuja bila kelele: ni nani asiyedhani kuwa mafuriko huja kwa ngurumo? Aliyeyaona ndiye ajuaye kwamba maji ya mto uliofurika katika nchi tambarare hupanda kimya kimya, na mtu huamka mkeka umelowa. Kisha baba aliwahesabu watoto, akawahesabu tena. Mvulana hakuandika kuwa baba yake aliogopa. Hakuandika kuwa baba yake aliwapenda. Aliandika kuwa baba alihesabu mara mbili, na sisi wenyewe tukajua kwamba hesabu ya kwanza haikumtuliza. Neno "counted" limekuja mara mbili katika sentensi fupi, na mimi nalilipigia mstari nikaandika pembeni kuwa atafute kisawe! Lau angalinitii, akaandika kuwa baba aliwahesabu kisha akafanya "enumerate", hofu yote ya usiku ule ingalipotea.

Msomaji atauliza, basi makosa ni ya nani? Kwa sehemu ni yangu, nami nimekwisha kuyakiri. Walakini daftari lile sikulibuni mimi. Nilipoanza kutafuta ni nani aliyekuwa wa kwanza kupanga maneno mazito ya Kiingereza upande huu na maana zake upande huu, nalishangaa kuona kwamba alikuwa mwalimu kama mimi, na kwamba aliwatungia Waingereza wenyewe.

Jina lake ni Robert Cawdrey. Alipata kufundisha shule katika mji mdogo wa Oakham, kisha akawa kasisi, na baadaye akanyang'anywa usharika wake kwa sababu ya kutokubaliana na wakuu wa kanisa. Mwaka 1604 alitoa kitabu kiitwacho A Table Alphabeticall, nacho huhesabiwa kuwa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza. Kilikuwa na maneno kama 2,500 tu. Hayakuwa maneno yote ya lugha. Yalikuwa maneno magumu yaliyotoka Kilatini, Kiyunani, Kiebrania na Kifaransa, na kitabu chenyewe kilisema kimetungwa kwa faida ya wanawake na watu wengine wasiokuwa na elimu nyingi, wapate kuyaelewa wanapoyasikia katika mahubiri au kuyasoma katika vitabu. Nakala moja tu ya chapa ile ya kwanza ndiyo ijulikanayo kuwapo leo, nayo imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian huko Oxford.

Kitabu hicho ni daftari letu. Neno upande mmoja, maana fupi upande wa pili, aghalabu kisawe kimoja au viwili. Jambo moja ndani yake lanifurahisha kuliko yote: hakina neno hata moja lianzalo kwa W. Fikiri sababu yake. Maneno ya W katika Kiingereza ni "water", "wind", "wood", "wife", "work", "word": maji, upepo, mti, mke, kazi, neno. Ni maneno ya wenyeji, yaliyonyonywa pamoja na maziwa ya mama. Kwa mtunga kamusi wa mwaka 1604 maneno hayo hayakuwa magumu, kwa hiyo hayakustahili kupewa mahali. Lakini jaribu kuishi siku moja bila ya hayo! Ndivyo lilivyo kila daftari la maneno mazito: lakusanya kila kitu isipokuwa kile kilichomo nyumbani.

Hata hivyo tusimdhulumu mwalimu Cawdrey. Hakuwaandalia watu mapambo; aliwaandalia msaada wa kusoma. Tena katika dibaji yake aliwaonya wasomaji juu ya watu watafutao Kiingereza cha kigeni mpaka wakaisahau kabisa lugha ya mama zao, hata mama hao, kama wangalikuwa hai, wasingaliweza kujua watoto wao wasema nini. Niliposoma maneno hayo mama yule wa siku ya wazazi alisimama tena mbele yangu na kidole chake juu ya karatasi. Na onyo lenyewe lilikuwa la zamani kuliko kitabu, kwa sababu Cawdrey alilitwaa karibu neno kwa neno katika kitabu cha Thomas Wilson juu ya ufasaha, kilichochapishwa mwaka 1553. Waingereza wa siku zile waliyaita maneno ya namna hiyo maneno ya pembe ya wino, kwa sababu waandishi walichukua wino wao katika pembe ya mnyama. Yaani ni maneno yatokayo katika wino, hayakutoka katika kinywa cha mtu.

Sasa nitamgeukia Wilson mwenyewe, maana wenye kudhihaki nao hukosea. Ili awacheke watu hao alitunga barua ya mzaha na kuijaza maneno ya pembe ya wino. Baadhi yake yamekufa na kuzikwa: hapana mtu leo asemaye "fatigate" wala "adjuvate". Lakini katika barua iyo hiyo, miongoni mwa maneno aliyoyacheka, yamo "celebrate", "capacity" na "dexterity". Hayo yaishi. Nani leo amchekaye mtu asemaye "celebrate"? Watoto wa shule ya msingi hulisema siku ya kuzaliwa kwao. Basi ugeni wa neno si dhambi, na neno linalochekwa leo laweza kuwa mkate wa kila siku wa wajukuu zetu. Kwa maoni yangu lililowaokoa wale walio hai ni kazi. "Fatigate" lilitaka kumchosha mtu, na Kiingereza kilikuwa na "tire" na "weary" kwa kazi hiyo. Lilikuta kiti kimekaliwa. "Dexterity" lilileta ustadi wa mikono pamoja na wepesi wake katika neno moja, likakaribishwa.

Hapa ndipo mahali daftari linaposhindwa, nalo hushindwa kwa umbo lake, si kwa uvivu wa mwenye nalo. Likisema kuwa "conflagration" ni moto, limekuambia yale ambayo maneno hayo mawili yanalingana, likanyamaza juu ya yale yanayotofautiana. Na tofauti hiyo ndiyo sababu ya neno kuwapo. "Conflagration" ni moto mkubwa ushikao majengo au msitu na kuenea. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika kuwa mama yake alipika uji juu ya "conflagration" ya mafiga matatu. Alisadiki daftari, na daftari halikumwambia uongo; lilimwambia nusu. Katika mchezo wa Richard Sheridan uitwao The Rivals, uliochezwa mara ya kwanza London mwaka 1775, yuko bibi aitwaye Mrs Malaprop ambaye hupachika maneno makubwa mahali pasipo pake, na watu wamemcheka kwa karne mbili na zaidi. Mimi siwezi tena kumcheka kwa sauti. Naona daftari lake mkobani.

Lakini sitaki uondoke ukidhani kuwa nakuusia umaskini. Wako wahakiki wasemao hivyo. George Orwell, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1946 juu ya siasa na lugha ya Kiingereza, alimshauri mwandishi asitumie neno refu mahali ambapo fupi latosha. Ni shauri jema, nami nalirudia darasani. Ila kumbuka kwamba Orwell alizaliwa ndani ya lugha ile akasoma katika shule bora za nchi yake. Maneno yote mawili, refu na fupi, yalikuwa mfukoni mwake, na alichagua. Mtoto wetu ambaye analo moja tu hachagui. Kumwambia asitumie neno asilokuwa nalo ni kumwusia mtu asiye na viatu asivae viatu vya bei.

Wala neno lisilo la kawaida si lazima liwe refu. Huo ni upofu mwingine wa daftari. Mwanafunzi wangu wa Pwani alijua "pulchritude", lakini sikupata kumwona mmoja aliyejua "neap". Na "neap" ni neno gani? Ni maji mafu. Ni maji yale ya siku ambazo mwezi ni nusu, yasiyojaa sana wala kupwa sana, ambayo mvuvi huyajua kama ajuavyo mlango wa nyumba yake, akayatenga na bamvua. Mtoto wa mvuvi anacho kitu chenyewe, analo na neno lake kwa Kiswahili tangu hajaanza shule. Amekosa neno la Kiingereza peke yake, nalo ni la herufi nne. Mpe leo, hatalisahau kesho, kwa sababu lina mahali pa kukaa. Kadhalika wale wa delta ya Tana, ambao kwao hulimwa mpunga: wamepura na kupepeta tangu utotoni, lakini "thresh" na "winnow" hawakupewa, kwa sababu sisi walimu tuliyaona kuwa maneno ya shamba. Ni maneno ya kale ya Kiingereza, yaliyokuwako kabla ya yale ya Kilatini kuvuka bahari, na Waingereza wengi wa mjini leo hawawezi kukuonyesha kwa mikono maana yake. Mtoto wa Garsen aweza.

Hata maneno ya kitabuni hasa hufundishika kwa njia hiyo. Chukua "ephemeral". Daftari lasema ni kitu kifupi. Kwa kipimo hicho fimbo fupi ni "ephemeral"! Neno hilo ni la Kiyunani, na ndani yake imo siku moja. Mwaka mmoja mvua za kwanza zilipoanguka, kumbikumbi walitoka usiku wakazizunguka taa za bweni, na asubuhi sakafu yote ilikuwa mbawa tupu. Nalikwenda darasani nikaokota ubawa mmoja, nikauweka juu ya meza, nikaandika neno ubaoni. Sikusema mengi. Juma lile mwanafunzi mmoja aliandika kuwa hasira ya dada yake ni "ephemeral", na mwingine kuwa sifa za mshindi wa mbio ni "ephemeral". Hao walilishika neno kwa mpini.

Nalazimika kugusa hesabu kidogo, kwa kuwa wengi hudhani daftari, hata likiwa na kasoro, ni njia ya haraka. Maneno kumi kwa juma, katika majuma 36 ya masomo, ni 360 kwa mwaka. Kwa miaka minne ni 1,440, ikiwa hakusahauliwa hata moja, jambo ambalo halijatokea duniani. Sasa linganisha. Mwaka 1953 Michael West, aliyefanya kazi ya elimu miaka mingi katika Bengal, alitoa orodha ya maneno kama 2,000 ya Kiingereza yenye manufaa zaidi kwa mwanafunzi. Maneno hayo hubeba kadiri ya 80 katika kila maneno 100 ya maandiko ya kawaida. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand aliongeza orodha ya koo 570 za maneno ya kitaaluma, mfano "assume", "derive" na "constitute", ambayo yanabeba kama 10 katika kila 100 ya vitabu vya chuo kikuu. Na Paul Nation alipopima mwaka 2006, alikadiria kwamba mtu atakaye kusoma riwaya au gazeti bila msaada ahitaji koo 8,000 hadi 9,000. Hapana daftari lifikalo huko. Kuna kusoma tu: kusoma vitabu vingi, vyepesi na vizito, mpaka neno lile lile likukute mara ya saba katika nguo ya saba, na siku moja ujikute unalijua bila kukumbuka ni nani aliyekufundisha.

Tena yaangalie yale maneno ya katikati, "assume" na wenzake. Hayang'ai. Hapana mwanafunzi aliyepata kuyaandika katika daftari kwa fahari, naye huyaruka kutoka "think" mpaka "cogitate" kama mtu ajengaye msingi na paa akasahau kuta. Lakini swali la mtihani wa historia au wa biolojia huandikwa kwa maneno hayo ya kuta, na nimeona watoto werevu wakishindwa swali walilolijua jibu lake kwa sababu hawakuelewa walichoulizwa. Hao walijua "pulchritude".

Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili aliposikia nalalamika hivi alicheka. Alinionyesha rundo la insha zake, na katika kila moja majogoo yalikuwa yamewika, umande umetanda, na mwandishi amerauka alfajiri na mapema, hata katika insha iliyohusu ajali ya saa nane mchana. Basi maradhi si ya Kiingereza peke yake.

Nilipoiondoa kanuni yangu wanafunzi walinung'unika, na wazazi wawili wakaja kuuliza kama shule imeshusha kiwango. Nalistahili. Katika mchezo wa Shakespeare uitwao Love's Labour's Lost, uliochapishwa mwaka 1598, yumo mwalimu wa shule aitwaye Holofernes, ambaye hawezi kutaja kitu kimoja bila kukitaja kwa majina manne. Mtu aliyeyafundisha madarasa mengine kuwa kina Holofernes hana haki ya kukasirika wanapokataa kuwa watu tena.

Yule msichana nilimwomba aiandike upya insha ya nyanya yake, daftari likiwa limefungwa. Alikaa nayo majuma mawili. Katika ukurasa wa pili ilikuwamo sentensi hii: "Her leso was threadbare at the corner where she tied her money." Nalimwuliza neno "threadbare" alilipata wapi, maana halikuwa katika maneno yangu ya Jumatatu. Alisema alilikuta katika kitabu cha hadithi cha maktaba, juu ya koti la mzee mmoja, na alipolitafuta katika kamusi aliona kuwa si nguo iliyochanika, wala si nguo kuukuu tu, bali ni ile iliyosuguliwa mpaka nyuzi zikaonekana. Na hapo hapo akakumbuka ile pembe ya leso, na vidole vya nyanya vikifungua fundo kumtolea nauli. Nilimpa alama 15. Nilikata kwa sababu ya vituo, ambavyo vilikuwa mahali pasipo pake.

Yule mvulana nalimwita pia, nikafuta ile 11 mbele yake na kuandika 18, nikamweleza sababu. Alinisikiliza kwa adabu. Lakini kati ya siku nilipomrudishia insha na siku hiyo niliyomwita miezi miwili ilikuwa imepita, naye alikuwa amekwisha kununua daftari. Alinionyesha; lilikuwa nadhifu, limejaa nusu, na jina lake juu. Nalimfundisha mwaka mmoja zaidi, kisha nikahamishwa. Katika insha yake ya mwisho niliyoisoma alirudi tena kuandika juu ya usiku ule wa mto, na safari hii maji hayakuja bila kelele. "The inundation," aliandika, "manifested itself nocturnally." Nilitafuta katika kurasa zote tatu mahali ambapo baba anawahesabu watoto, sikupaona.